Majani Mapana Kwenye Shamba la Baba

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na kila mwaka nachora ubaoni vitu vilevile viwili: mche wa hindi na mche wa haragwe. Hindi lina jani jembamba, mishipa yake imenyooka kama mistari ya daftari. Haragwe lina jani pana, mishipa yake imetawanyika. Ubaoni naandika kwa Kifaransa, mdomoni naeleza kwa Kiswahili, na wanafunzi wanacheka kwa sababu sijui kuchora. Halafu nawauliza: nyasi za pale uwanjani ni jamaa ya nani? Ya hindi. Na lengalenga, yaani mchicha, wanayopika mama zenu? Ya haragwe. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Nilichokifanya, sikukifanya kwa kukosa shule.

Baba alituachia shamba dogo la malisho kwenye barabara ya Kipushi, na ng'ombe sita. Maisha yake yote alikuwa fundi umeme mgodini. Ng'ombe walikuwa starehe ya uzee wake, kama wenzake walivyokuwa na karata. Magugu aliyakata kwa panga, kidogo leo, kidogo kesho, akipumzika sana katikati. Kulikuwa na kona moja, nyuma ya kichuguu kikubwa, ambako hakuwahi kukata kabisa. Ukimwuliza anajibu, "Wacha kule," basi. Kichuguu chenyewe kilikuwa na ukubwa wa nyumba, kama vichuguu vingi vya kwetu, na kukizunguka na panga mkononi ni kazi. Sisi watoto wake tulisema mzee amechoka, na wengine kati yetu, nikiwemo mimi, tulisema ni mvivu.

Alipofariki, magugu yalipata sherehe. Mvua ya kwanza haikumaliza hata wiki mbili, kishonanguo kilikuwa kimeshika malisho yote, kile kinachokuachia vijiti vyeusi kwenye sketi mpaka unakaa nusu saa unavitoa kimoja kimoja. Kulikuwa na kichaka kingine chenye shina gumu ambacho mlinzi wa shamba alikiita mti wa mifagio. Na vingine sikuvijua, na kusema kweli sikutaka kuvijua. Ng'ombe walizunguka katikati ya vichaka vile wakitafuta nyasi, na mbavu zao zilianza kuhesabika.

Wakati huo familia ilikuwa ikijiandaa kwa kutoa kilio cha baba. Kwetu, mwaka ukitimia baada ya mazishi, ndugu wanakutana, wanakula na kunywa pamoja, na mjane anavuliwa nguo nyeusi mbele ya watu wa upande wa mumewe. Kuanzia siku hiyo anarudi kuwa mtu kama wengine. Katika mkutano wa maandalizi, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alijinyoosha kwenye kiti na kusema bila kunitazama, akimwita baba yaya, jina tunalompa mkubwa wetu, wa kiume au wa kike:

"Shamba ya yaya imerudia pori. Njo vile, kama unaachia banamuke. Heri tuuzishe."

Nina hasira za karibu. Mama husema zilitangulia meno. Ningemjibu palepale, lakini mama alinikanyaga mguu chini ya meza, nikameza. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshakata shauri: siku moja baada ya kutoa kilio, nitampeleka baba mdogo kwenye shamba, nitamsimamisha getini, nami sitasema neno. Malisho yatasema yenyewe.

Nikaenda mjini, kwa muuzaji wa dawa za kilimo. Nilimweleza: ni malisho, kuna nyasi nzuri chini, lakini zimefunikwa na magugu ya majani mapana. Akatoa chupa.

"Hii haiue mayani ya ngombe," akasema. "Inaua tu ile ya mayani mukubwa. Inaingia mu mayani, inashuka mpaka mu mizizi. Haitarudia."

Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeona swali alilolisoma jana. Ndilo somo langu lenyewe: hindi linabaki, haragwe linakufa. Nilimwuliza maswali matatu. Ng'ombe wakae mbali siku ngapi? Mvua ikinyesha baada ya saa ngapi itaharibu kazi? Na mikono yangu je? Alinijibu yote vizuri, akanionyesha na maandishi kwenye chupa. Kuuliza si ujinga, nawaambia wanafunzi kila siku. Sikujua kwamba kulikuwa na swali la nne.

Sasa ni lazima nieleze kuhusu mama, kwa sababu bila mama hadithi hii ni ya magugu tu.

Mama alikuwa anajulikana kwa munkoyo. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi. Unapika uji wa unga, mzito, unauacha upoe kiasi, halafu unatia maji yaliyolowekwa mizizi fulani ya porini, iliyopondwa mpaka ikawa nyuzinyuzi. Mizizi hiyo nayo tunaiita munkoyo. Ukiitia, ule uji unalegea wenyewe, unakuwa kitu cha kunywewa, na ukilala siku moja unachangamka na kupata utamu wenye uchachu kidogo. Bila mzizi una sufuria ya uji, na hakuna mgeni anayekuja kutoa kilio kwa ajili ya uji. Wanawake wengi mjini kwetu wanapika munkoyo. Wa mama ulikuwa mwingine. Watu walitoka mpaka Ruashi na madumu yao.

Na kuna adabu katika kazi hiyo. Mwanamke mwenye jina la munkoyo hasemi anachimba wapi mizizi yake, na wewe humwulizi. Kumwuliza ni kama kufunua sufuria jikoni kwa mtu. Anatoka asubuhi peke yake na kijembe kifupi ndani ya mfuko, anarudi mchana, na juu ya mfuko ameweka majani ya sombe, yaani kisamvu, ili majirani waone sombe. Siku akiona nguvu zinapungua, anamchagua mmoja, mara nyingi binti yake, anampeleka mahali pale na kumkabidhi kijembe. Kabla ya siku hiyo, hata binti hajui. Mimi ni mtoto wake wa kwanza na sikuwahi kuuliza. Nilijua tu kwamba akitoka anashika njia ya Kipushi, na nilidhani anakwenda mbali, kule karibu na mpaka, kwenye pori la kweli.

Kwa siku ya kutoa kilio, shangazi yetu, dada wa baba, ambaye wote tunamwita tantine, hakutaka mama apike chochote. Mjane hapiki siku yake, alisema, anakaa na kuhudumiwa. Mama alikubali yote: bukari, ugali wetu, wapike wao, samaki wapike wao, sombe wapike wao. Munkoyo akakataa.

"Miaka makumi ine bwana yangu hakukunywa ya mwingine," alisema. "Sasa siku ya mwisho njo atakunywa ya inje?"

Tantine alikunja uso. Ilieleweka wazi: mama ameomba kuvunja desturi, basi munkoyo huo uwe mzuri kuliko wote aliowahi kupika.

Jumanne ya wiki ya kutoa kilio sikuwa na vipindi. Mama alikuwa Likasi kwa mdogo wangu tangu Jumapili, anashonewa kitenge cha kuvaa akishavuliwa nguo nyeusi. Nikaona ndiyo nafasi. Sikumwambia. Nilitaka na yeye aone siku moja na baba mdogo, ashtuke kwa furaha. Nilifika shambani asubuhi, nikafunga kitambaa puani, nikavaa glavu na buti za marehemu zilizonizidi, nikabeba pampu mgongoni. Inabeba lita kumi na sita, na kwa mwanamke wa umri wangu lita kumi na sita zina maoni yao. Mkono wa kushoto unasukuma, wa kulia unaelekeza, na unatembea polepole bila kusimama, kama mtu anayemwagilia kitu asichokipenda. Upepo ulikuwa umetulia. Mlinzi wa shamba, mzee mmoja mtaratibu aliyekuwa na baba tangu ng'ombe wa kwanza, aliniletea maji ya kuchanganyia na hakuuliza kitu.

Nilifuata maandishi ya chupa neno kwa neno. Nilipofika nyuma ya kichuguu nilisimama kidogo. Ile kona ya "wacha kule" ilikuwa imesongamana kuliko mahali pote: vichaka, vitu vinavyotambaa, majani mapana yamepandana. Nikakumbuka sauti ya baba mdogo akisema banamuke, wanawake. Hapo nilipita mara mbili.

Kabla ya kuondoka nikamwambia mlinzi: "Ng'ombe wasitoke zizini mpaka nikuambie. Wape majani uliyokata kando ya barabara." Akasema sawa. Nilirudi nyumbani mabega yakiniuma na moyo ukiwa mweupe.

Mama alirudi Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi nilipoamka kwenda shule hakuwepo, na kijembe hakikuwepo. Niliporudi, mizizi ilikuwa imeshaoshwa na alikuwa anaiponda, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nilimsalimia, nikapita. Ijumaa alipika uji katika masufuria ya kuazima, akaumimina kwenye mapipa matatu ya plastiki, akatia maji ya mizizi, akafunika. Usiku nyumba nzima ilinukia mahindi. Nililala vizuri sana. Hilo ndilo ninalolikumbuka na kulionea haya.

Jumamosi, uani, viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa chini ya turubai na upande wa baba ulikuwa umeanza kufika, wakati simu yangu ilipolia. Alikuwa mlinzi wa shamba. Alitaka kuomba radhi, hataweza kuja, hawezi kuwaacha ng'ombe zizini peke yao.

"Mama eko na nguvu kweli," akaongeza, kwa kutaka tu kusema neno jema. "Juzi, ile siku ya ine, alichimba peke yake mpaka mufuko ilijaa."

"Alichimba nini?"

"Si mizizi ya munkoyo? Kule nyuma ya kichuguu. Fasi yake ya siku yote."

Nilisogea mpaka ukutani, mbali na masikio ya wageni.

"Na haukumwambia kama tulitia dawa?"

"Nilimwambia ngombe habatoki. Akasema, muzuri. Nilizania eko anajua, ni mama yako. Ulinikatazia ngombe, madame. Haukunikatazia mama."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza tu mambo yalivyokuwa.

Nilisimama na simu mkononi nikitazama yale mapipa matatu. Nitakuwa mkweli: wazo la kwanza halikuwa la kusema. Wazo la kwanza lilikuwa kujifanya nimejikwaa na kuyaangusha. Lakini mapipa yalikuwa yananifika kiunoni, yamejaa, na mimi si tembo. Na tantine alikuwa tayari amesimama kwenye pipa la kwanza na kikombe mkononi, kwa sababu yeye, kama dada wa marehemu, ndiye anayeonja kwanza.

Nikamshika mama mkono, nikamvuta nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa bafu. Alikuwa na nguo nyeusi zake kwa mara ya mwisho. Nikamwambia kwa sentensi mbili, bila kupumua.

Mama aliniuliza, "Ulitia mpaka pa nyuma ya kichuguu?"

"Mpaka kule, mama."

"Niliona mayani imelegea kidogo," akasema polepole, kama anaongea na mtu mwingine. "Nikasema, ni jua."

Halafu akakaza macho. "Sikia. Funga kinywa yako. Ukisema ni dawa, batasema ulitaka kubaua ju ya shamba. Ile neno haitaisha mu hii familia, mpaka ku batoto yako. Umesikia?"

"Sasa utasema nini, mama?"

Alikuwa ameshaondoka. Hakukimbia, maana mjane hakimbii siku yake, lakini sijamwona akitembea vile. Tantine alikuwa ameshachota. Kikombe kilikuwa karibu na kidevu. Mama akaweka kiganja juu ya kikombe, akakichukua, na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Hapana kunywa. Mutanisamehe. Munkoyo yangu imeharibika."

Wanaume wanne walisaidia kubeba mapipa mpaka shimo la choo la zamani, mama akasimama pale mpaka tone la mwisho, halafu akayaosha mara tatu kwa sabuni na mikono yake mwenyewe. Na wote walikuwa wanaona kwamba munkoyo ule haukuharibika. Ulikuwa mweupe, umechangamka vizuri, harufu yake ilikuwa harufu ya munkoyo wa mama. Nafikiri ndicho kilichowatia hofu zaidi. Tantine alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Munkoyo ya mujane kuharibika siku ya leo?" akasema. "Yaya alikataa. Alikataa kinywaji ya bibi yake."

Walimvua nguo nyeusi, kwa kuwa siku ilikuwa imeshapangwa, lakini haraka haraka, bila wimbo wa pili. Mtu mmoja alitumwa kununua soda. Mama alikaa na kitenge chake kipya, kizuri mno, na nafasi mbili za kila upande wake zilibaki tupu. Nilikuwa napita na sahani za samaki. Niliwapa watu samaki. Sikusema kitu.

Jioni, walipoondoka wote, nilikuta mfuko wa mizizi nyuma ya jiko, na chini yake kimebaki kipande cha shina na majani yake. Majani matatu kwenye kijiti kimoja, na kiganda kidogo kikavu chenye punje ndani. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu angekuambia: jamaa ya haragwe. Miaka yote nimekunywa mzizi ule na sikuwahi kutazama jani lake.

Mpaka leo sijui kama ule munkoyo ungemdhuru mtu. Huenda dawa ilikuwa bado haijashuka. Huenda watu wangeumwa tumbo tu, huenda hata hilo lisingetokea. Lakini kuna wazee na watoto ambao wangekunywa, na mimi nilikuwa nimesoma chupa nzima.

Dawa ilifanya kazi, hilo lazima niseme. Baada ya wiki moja kishonanguo kilijipinda, mashina yakajisokota kama nguo inayokamuliwa, halafu yakawa ya kahawia, halafu hayakuwepo. Nyasi zilipata jua, zikajaa. Wakati wa ng'ombe kurudi ulipofika walikula vichwa chini kutwa nzima bila kuzunguka. Nilimpeleka baba mdogo. Alisimama getini, akatazama, akapiga mluzi.

"Sasa iko shamba," akasema. "Shamba ya kweli. Haitauzishwa."

Nilikuwa nimengoja neno lile kwa hamu, na nilipolipata halikuwa na utamu.

Kwa sababu nyumbani mapipa ya mama yalikuwa yamepinduliwa, midomo chini, kando ya ukuta. Hakuna aliyekuja na dumu. Harusi ya jirani walitafuta munkoyo mahali pengine. Kwaya ya kanisa, ambayo tangu niko msichana ilikunywa wa mama kila sikukuu, ilisahau kumwambia. Wanawake walimsalimia vizuri sana sokoni, vizuri kupita kiasi, na hawakusimama. Jina la mjane aliyekataliwa na marehemu wake linatembea haraka kuliko mtu. Mama hakulalamika. Alianza kufuma vitambaa vya meza, na alikuwa anafuma vibaya, kwa kuwa hakuwahi kupenda kukaa.

Mara tatu nilimwambia, niache niseme. Mara tatu alijibu, "Itaisha." Na mimi, mwenye hasira za karibu, mwenye mdomo, nilitii. Ilikuwa rahisi kutii. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, nikaita woga wangu heshima kwa mzazi.

Miezi ikapita. Mdogo wangu akabatiza mtoto, tukakutana tena, watu walewale, turubai lilelile. Munkoyo uliletwa kutoka sokoni kwenye chupa za plastiki, mtamu kwa sukari, mwepesi. Mama aliwekewa glasi kama wengine. Tantine, ambaye ni mtani na hajui mipaka, akanyanyua yake na kusema:

"Kunywa tu, yaya. Hii ya leo haiharibike, imetoka soko!"

Watu walicheka. Na mama akacheka pia. Alicheka vizuri, mabega yakatikisika, kama mtu anayetaka utani upite salama. Ningevumilia kama angelia. Kile kicheko sikukiweza.

Nikasimama. Nilikuwa na kijiko cha bukari mkononi, na nilizungumza nacho muda wote kama nashika chaki. Nikasema: ile munkoyo haikuharibika. Nikasema ni mimi nilitia dawa ya majani kwenye shamba la baba, sikumwambia mama, na yeye alichimba mizizi palepale, nami nilijua asubuhi ile na nikamwacha achukue aibu yangu. Nikasema kama kuna mtu wa kulaumiwa, yuko hapa na kijiko.

"Ile shamba yenye nilisifu?" baba mdogo aliuliza.

"Njo ile, baba."

Tantine alikuwa anatazama kiganja chake, kile kilichoshika kikombe. Alikitazama muda mrefu. Halafu akamgeukia mama. "Yaya, na ju ya nini ulinyamaza?"

"Ni mutoto yangu," mama akasema. "Na ninyi muko bantu ya bwana yangu. Nilipashwa kukataa nani?" Akavuta sahani. "Mukule. Bukari inapola."

Tantine alinyanyuka na kiti chake, kiti cha kukodi cha plastiki, akakibeba mpaka upande wa mama, akakaa. Akamtoa glasi ile ya sokoni mkononi, akaiweka mbali chini ya meza. Wakala sahani moja. Baba mdogo hakunisemesha siku ile, na kwa muda mrefu baadaye, na ni haki yake.

Jumamosi iliyofuata mama aliamka mapema, akanisimamia mlangoni na mfuko.

"Vaa viatu," akasema.

Tulishuka barabara ya Kipushi, tukapita geti, tukapita katikati ya ng'ombe. Hakuangalia nyasi. Alikizunguka kichuguu kama mtu anayeingia chumbani kwake, akasimama nyuma yake, mahali fulani ambapo mimi sikuona tofauti yoyote na pengine.

"Apa," akasema. "Kutoka apa mpaka kwa ile mawe. Baba yako njo alinionyesha, ile mwaka ya kwanza ya shamba. Akasema, apa sitakata, apa ni pako. Hakukata hata siku moya."

Wacha kule. Baba alikuwa amesema kwa maneno mawili kila tulipomwuliza, kwa sababu neno la tatu lilikuwa siri ya mkewe, na sisi tukamwita mvivu. Na pale ndipo nilipopita mara mbili. Nilimwambia mama hilo pia, kwa kuwa ndilo peke yake lililokuwa limebaki bila kusemwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Mama alitoa kijembe kwenye mfuko. Mpini wake ulikuwa umelainika na kuwa mweusi pale anaposhika. Akakigeuza, mpini kwangu.

"Kamata."

"Mama, hakuna kitu cha kuchimba."

"Minajua. Chimba tu, mukono izoee. Mizizi tutatafuta fasi ingine."

Mbele yangu palikuwa na nyasi peke yake, nzuri, za kijani, na mistari yake imenyooka. Nikainama, nikachimba.